Umeme Umefika Sebuleni, Jikoni Bado Moshi

Desemba 2009 kisiwa cha Unguja kilizimika. Waya wa baharini uliotandikwa mwaka 1980 kuleta umeme kutoka Ras Kiromoni, Bara, hadi Fumba ulipata hitilafu, na giza likadumu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Wenye hoteli walihesabu hasara ya dizeli. Serikali ilihesabu mapato yaliyopotea. Yaliandikwa mengi kuhusu watalii walioahirisha safari na jenereta zilizokuwa zikinguruma usiku kucha Mji Mkongwe. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliyetaka kujua umeme ulikuwa umefanya kazi gani katika maisha ya watu wa kawaida alipaswa kwenda visimani. Pampu zilikuwa zimesimama, mifereji imekauka, na foleni za ndoo na madumu zilikuwa za wanawake na watoto wa kike. Mwaka mmoja na nusu nyuma yake, Mei na Juni 2008, kisiwa kilikuwa kimeonja giza la namna hiyo kwa takriban mwezi mzima, na wabeba ndoo walikuwa walewale.

Giza hilo lilionyesha jambo ambalo mwanga hulificha. Umeme ulipokatika, baba alikosa taa, feni, redio na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mama alikosa hivyo vyote, kisha akarudishiwa mzigo wa maji ambao pampu ilikuwa imemtua kichwani kwa miaka kadhaa. Ila ukiingia jikoni, katika nyumba nyingi za shamba hakuna kilichobadilika. Mafiga yaliyokuwa yakiwaka kabla ya hitilafu ndiyo yaliyoendelea kuwaka, kwa kuni zilezile na moshi uleule, kwa sababu umeme ulikuwa haujawahi kufika pale. Taifa liliomboleza miezi mitatu ya kukosa umeme, na chungu cha wali hakikujua kama kuna lililotokea. Hilo linapaswa kutusumbua kuliko giza lenyewe.

Linapaswa kutusumbua hasa sasa. Tanzania Bara ilipitisha Sheria ya Nishati Vijijini mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Leo Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Bara vimefikiwa na gridi, na kazi imehamia kwenye vitongoji, ambavyo vinazidi 64,000. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limejengwa. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini imeshushwa hadi shilingi 27,000. Ni kazi kubwa, na anayeidharau hajawahi kuishi kwenye nyumba ya kibatari. Swali langu linaanzia pale nguzo inapoishia, kwenye mlango wa nyumba: umeme ukishaingia ndani unakwenda wapi, na nani anaupeleka huko?

Bahati nzuri Zanzibar ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika Mashariki ambako mtu alikaa kijijini kwa muda mrefu akitazama umeme unavyoingia katika maisha ya watu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kwa msaada wa fedha za Norway, nguzo zilianza kutoka mjini kwenda shamba. Uroa, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, kikawa miongoni mwa vijiji vilivyofikiwa mapema. Tanja Winther, Mnorway aliyesomea uhandisi wa umeme kabla ya kugeukia anthropolojia, alifika Uroa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, akarudi kuishi pale mwaka 2000 na 2001. Kitabu chake, The Impact of Electricity, kilitoka mwaka 2008. Mengi aliyoyaeleza humo mtu aliyekulia kijijini atayatambua mara moja, ingawa huenda hajawahi kuyaweka pamoja.

La kwanza ni maji. Kabla ya pampu, siku ya mwanamke wa pwani hiyo ilianzia kisimani, na mara nyingi ikaishia hukohuko. Pampu ya umeme ilipoanza kusukuma maji hadi kijijini, saa hizo zilirudi mikononi mwake, na zilirudi wakati wake hasa. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilikuwa kimeanza upande wa Paje na Jambiani, kikaenea haraka katika pwani hiyohiyo. Mwani haungoji mtu. Maji yakitoka lazima uwe pwani na kamba zako na vijiti vyako, uchomeke, ufunge, uvune, na maji yakirudi ujiondokee. Mwanamke ambaye bado yuko kwenye foleni ya kisima hawezi kuwa hapo. Hadi leo sehemu kubwa ya wakulima wa mwani Zanzibar, wanaozidi 20,000, ni wanawake, na kwa wengi wao hizo zilikuwa fedha za kwanza kuzishika bila kumwomba mtu. Mwani una sifa zake katika habari hiyo. Pampu nayo ina zake, na ni nadra kutajwa.

Nataka msomaji aitazame pampu kwa makini, kwa sababu ina tabia ambayo taa ya sebuleni haina. Pampu haikuwa mali ya mume wa mtu. Hakuna mwanamke aliyelazimika kuomba ruhusa nyumbani ili maji yatoke mferejini. Ndivyo ilivyo pia kwa zahanati ya kijiji ikipata umeme. Mama anayejifungua saa nane za usiku hapokewi tena na mkunga aliyebana simu kati ya bega na shavu ili apate mwanga wa kushona, na chanjo za mtoto zinakaa kwenye friji palepale, badala ya kuletwa kwa siku maalumu kutoka wilayani. Ndivyo ilivyo kwa mashine ya kusaga na kukoboa, iliyoliondoa pigo la mchi katika alfajiri za vijiji vingi. Umeme huu wa wote humfikia mwanamke moja kwa moja. Umeme wa nyumbani humfikia kwa kupitia mwenye nyumba.

Na taa? Taa ilipokewa kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya haki. Aliyelelewa na kibatari anayajua masizi ya puani asubuhi na hofu ya mafuta ya taa kumwagika karibu na mtoto aliyelala. Balbu moja nje ya mlango wa uani imewapa wanawake wengi uhuru ambao wanaume hawaufikirii kamwe, uhuru wa kwenda chooni usiku bila kumwamsha mtu wa kuwasindikiza. Wasichana wanasoma. Hayo yote ni ya kweli na yana uzito.

Lakini taa ilikuja na kazi. Zamani jua likizama, kazi nyingi zilizama nalo. Ungepika mapema, ungeosha vyombo kabla ya Magharibi, na baada ya hapo mikono ilipumzika kwa kuwa macho hayaoni. Sasa baada ya Isha bado kuna sare za shule za kupigwa pasi, kuna mchele wa kesho wa kuchaguliwa mawe, kuna ukili wa kusukwa, kuna unga wa maandazi ya kuuza alfajiri unaongoja kukandwa. Mume amerudi kutoka baharini au dukani, amekoga, amekaa. Siku ya mke imeongezwa saa kadhaa. Ya mume haikuongezwa kwa kiasi hicho, na katika nyumba nyingi hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kuzungumzwa.

Sitaki kuzionea kazi hizo za usiku. Ukili na maandazi ni fedha za mwanamke mwenyewe, na vivyo hivyo friji. Nenda kijiji chochote chenye umeme ukatafute mlango wenye watoto wengi saa nane mchana, utakuta mama anauza barafu za ukwaju, za ubuyu na za maziwa, na maji baridi ya mifuko. Kwa mtaji mdogo na friji moja anapata fedha ya madaftari na ya mchango wa kikundi cha kuweka na kukopa. Blenda nayo imepunguza kazi ya kukuna nazi kwa mbuzi: nazi inakatwakatwa, inasagwa, tui linachujwa, na dakika ishirini za mgongo kuinama zimeokolewa. Vitu hivi ni vidogo mbele ya mipango ya taifa. Katika siku ya mtu mmoja ni vikubwa. Ninachosema ni kwamba saa za ziada zilizotolewa na taa zilikwenda kwa mwanamke zikiwa saa za kazi, na kwa mwanamume zikiwa saa za mapumziko. Balbu haikuamua hivyo. Ilikuta mgawanyo wa kazi umeshapangwa, ikaumulika.

Televisheni ilifanya jambo lisilotarajiwa. Kwa watu wa pwani, wanaume walikuwa na baraza yao na wanawake walikuwa na uani wao, na kukaa pamoja jioni chumba kimoja, mashemeji, wakwe na majirani, halikuwa jambo la kawaida. Winther aliona Uroa jinsi televisheni ilivyowaleta pamoja: wanaume vitini, wanawake na watoto mikekani, lakini paa moja na tamthilia moja. Wapo wazee waliolalamika kuwa mazungumzo yamekufa, kwamba mgeni akija watu hawamgeuzii uso. Malalamiko yao yana ukweli. Hata hivyo, tangu Machi 2021 televisheni hizohizo zinamwonyesha mwanamke aliyezaliwa Kizimkazi, mkoa uleule wa Kusini Unguja, akikagua gwaride akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Msichana wa Uroa anayekuna nazi anainua macho, anamwona. Sijui kipimo cha kulipimia jambo hilo, na sidhani kama linahitaji kipimo.

Sasa tuje kwenye mali, maana hapa ndipo mambo mengi yanapofungwa. Katika vijiji vingi vya pwani mume hujenga, mke huingia. Talaka ikitoka, mke huondoka na vyombo vyake, dhahabu yake na nguo zake. Nyumba hubaki, na waya uliofungwa ukutani hubaki nayo. Uroa, Winther alikuta nyumba ni za wanaume, mikataba ya umeme imeandikwa majina ya wanaume, na vifaa vya umeme kwa kawaida vimenunuliwa na wanaume. Hata ajira zilizoletwa na mradi, za kusimika nguzo, kufunga nyaya na kusoma mita, zilikwenda kwa wanaume. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwanamke mwenye fedha zake za mwani hakuzitia katika umeme. Jibu liko wazi kwa kila mwanamke wa kijijini: nani atie akiba yake kwenye ukuta ambao si wake? Atanunua bangili, atanunua sufuria, na akithubutu sana atanunua friji, kwa sababu friji walau hubebeka.

Mita ya malipo ya kabla, LUKU kwa Bara na TUKUZA kwa Zanzibar, imebadilisha mengi lakini haikulibadilisha hili. Uniti hununuliwa kwa simu, na mara nyingi simu yenye salio ni ya baba. Zikiisha mchana wakati yeye yuko kazini, nyumba hungoja. Bara, tangu 2021, hata kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na kwa hiyo mita imezidi kufungamana na mwenye jengo. Anayeonekana kwenye kumbukumbu za shirika la umeme kama mteja ni mmoja tu, na mara nyingi si yule anayekaa nyumbani kutwa akizima taa zilizoachwa na watoto.

Mahakama ilikwisha kuona mbali. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, lakini kanuni ilisimama na wanasheria wa Bara wanaitumia mpaka leo. Zaidi ya miaka arobaini imepita. Kama kupika na kufua ni mchango katika nyumba, basi anayepika na kufua ana haki ya kusikilizwa waya unapoamuliwa upite wapi.

Na hapo tumefika jikoni.

Kwa nini umeme hauingii jikoni? Watu wa mjini hujibu haraka: umaskini na mazoea. Majibu hayo yanawadharau wapishi. Kwanza, jiko lenyewe la kijijini mara nyingi liko uani, kibanda cha makuti au cha udongo kilichotengwa na nyumba kwa sababu ya moto na moshi. Fundi akija kutandaza nyaya huanza sebuleni, akaenda vyumbani, akamaliza na taa ya nje. Hakuna fundi mwenye akili atakayefunga soketi kwenye ukuta wa makuti. Hata UMETA, kile kifaa kinachomwezesha mwenye nyumba ndogo kupata umeme bila kutandaza nyaya, hufungwa chumbani. Hivyo jiko limeshaachwa nje ya mpango kabla mama hajaulizwa.

Pili ni chakula chenyewe. Uroa watu walimwambia Winther kuwa chakula cha umeme hakina ladha, na wapo watakaocheka. Asicheke mtu aliyekula wali wa nazi uliopaliwa. Wali huo unataka moto mkali mwanzoni, moto wa pole baadaye, na makaa juu ya kifuniko ili ukauke vizuri kila upande. Mkate wa kumimina nao huokwa kwa moto wa chini na wa juu. Jiko la koili moja lililoletwa kutoka dukani halina moto wa juu. Mpishi anayelikataa anaijua kazi yake.

Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, ni hesabu ya nyumba. Uniti za umeme ni fedha taslimu, na kwa kawaida hutoka mfukoni mwa mume. Kuni ni miguu, mgongo na mapafu ya mke. Nyumba ikikaa kuamua kipi ni rahisi, gharama ya umeme inaonekana mpaka senti ya mwisho, kwa sababu mita inaisoma. Gharama ya kuni haisomwi na mita yoyote. Kuni huitwa za bure, na zitaendelea kuitwa hivyo maadamu hakuna anayelipia saa za mwanamke. Ndiyo maana televisheni, ambayo hailishi mtu, hupata umeme kabla ya sufuria inayolisha watu wanane. Hakuna haja ya kumtafuta mume mbaya katika habari hii. Mume mwema kabisa, anayempenda mkewe, akiangalia karatasi ya matumizi ya mwezi ataamua vivyo hivyo.

Matokeo yake tunayavuta puani. Serikali ya Tanzania imekuwa ikitaja kuwa watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka nchini kwa maradhi yanayohusishwa na nishati chafu ya kupikia. Moshi huo hauchagui, lakini aliye karibu nao saa nne au tano kwa siku ni mama, na mtoto aliyembeba mgongoni.

Ziko tafiti mbili za nje ya Tanzania ambazo zikisomwa pamoja zinaonyesha kwa nini jiko ndilo fundo. Ya kwanza ni ya Taryn Dinkelman, iliyochapishwa mwaka 2011, kuhusu vijiji vya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, vilivyopata umeme baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Alilinganisha vijiji kwa kutumia mwinuko wa ardhi, kwa sababu nguzo zilitangulia kwenda kwenye ardhi tambarare ambako gharama ni ndogo. Aligundua kuwa umeme uliongeza ajira za wanawake kwa pointi za asilimia zipatazo 9. Na kilichokuwa kimetokea majumbani ni kwamba watu waliacha kuni, wakaanza kupika kwa umeme. Saa zilizofunguliwa jikoni ndizo zilizowapeleka wanawake kazini.

Ya pili ni ya Kenya magharibi. Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram waliunganisha kaya za vijijini na umeme kwa utaratibu wa majaribio, wakazifuatilia kwa miezi 16 hadi 32, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2020 yaliwashtua wengi: karibu hakuna mabadiliko makubwa ya maisha yaliyoonekana. Kaya hizo zilitumia umeme kidogo mno, kwa taa na kuchaji simu. Matokeo hayo yametumiwa na baadhi ya watu kudai kuwa umeme wa vijijini ni anasa. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Umeme ulioishia kwenye taa na simu ulifanya kazi ya taa na simu. Kuutarajia uipindue siku ya mwanamke ambaye bado anakwenda kutafuta kuni ni kuuonea. Kenya ilifanya vizuri kushusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa mradi wake wa Last Mile ulioanza mwaka 2015, lakini ada inafungua mlango wa mbele tu.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mwezi huohuo mjini Paris aliongoza, pamoja na Waziri Mkuu wa Norway na wengine, mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Kwamba nchi iliyosaidia kupeleka nguzo Uroa miaka ya 1980 imeketi meza moja na Tanzania kuzungumzia mafiga ni jambo la kutia moyo. Imechukua miaka arobaini kutoka nguzo hadi mafiga.

Mkazo mkubwa hadi sasa umewekwa kwenye mitungi ya gesi, na gesi ina nafasi yake. Lakini vijijini ambako waya umeshafika, naona tunaruka hatua. Jiko la presha la umeme si lile jiko la koili lililotufilisi zamani. Limefunikwa, halipotezi joto, linajizima lenyewe. Majaribio yaliyofanywa Dar es Salaam na TaTEDO, taasisi ya Kitanzania ya masuala ya nishati, yamewaonyesha akina mama kuwa chungu cha maharage, kile kinachokula mkaa kutwa nzima, kinaiva kwa chini ya uniti moja. Kwa mteja mdogo wa TANESCO asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi. Fedha hiyo hainunui kopo la mkaa popote Dar es Salaam. Wali wa kupaliwa tutaendelea kuupalia siku za sikukuu. Maharage, makande na supu ya mifupa hayana sababu ya kukaa juu ya kuni.

Vizuizi viwili vimebaki na vyote viko mikononi mwa watu. Bei ya jiko lenyewe inazidi mara kadhaa ile ada ya 27,000, na hailipwi kidogokidogo kama kuni zinavyolipwa kidogokidogo kwa jasho. Kisha kuna ule mstari wa uniti 75. Familia kubwa ikihamishia mapishi yake yote kwenye umeme ni rahisi kuuvuka, na ikiuvuka bei ya uniti huruka zaidi ya mara mbili. Maana yake ni kwamba utaratibu uliowekwa kumlinda mnyonge unamwadhibu siku anapotaka kuacha moshi. Sidhani kama yeyote alikusudia hivyo. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme Bara, inaweza kulirekebisha.

Kuhusu nani anaweza kuwa fundi, jibu lipo tayari Unguja. Chuo cha Barefoot, kilichoanzishwa na Bunker Roy kijijini Tilonia, Rajasthan, India, mwaka 1972, kimekuwa kikiwafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao watu wazima wenye wajukuu na wasio na elimu ya darasani, kuunda na kutengeneza taa za sola. Kundi la wanawake wa Zanzibar lilikwenda kusoma huko, na baadaye chuo kikawa na tawi lake Kinyasini, Kaskazini Unguja. Wanachaguliwa akina mama wa umri huo kwa sababu iliyo wazi: kijana akishapata cheti hukimbilia mjini, bibi hubaki kijijini na ujuzi wake. Taa hizo za sola hazipiki wala hazisukumi maji ya kijiji kizima. Lakini mwanamke aliyepanda paa kufunga sola, ambaye sasa wanaume wa kijiji humletea taa zao zilizoharibika, ameugusa mgawanyo wa kazi mahali ambapo maelfu ya nguzo hayajagusa. Mwanamke anayejua kutengeneza kitu husikilizwa kinaponunuliwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara mbili za nishati, ya Bara na ya Zanzibar, kwa REA na kwa mashirika ya umeme ni hili. Taarifa ijayo ya mafanikio isituambie vijiji vingapi vimefikiwa. Ituambie ni majiko mangapi yana soketi, ni mita ngapi zimeandikwa majina ya mke na mume kwa pamoja, ni pampu ngapi za maji zimepata waya kabla ya baa. Mikopo ya majiko ilipwe kupitia uniti, na mstari wa 75 usogezwe kwa kaya zinazopikia umeme. Wakandarasi wanaopewa vitongoji waelekezwe kuajiri na kufundisha mafundi wa kike wa vitongoji hivyohivyo.

Na wewe baba unayelisoma gazeti hili mwishoni mwa wiki, huna haja ya kungoja wizara. Fundi akija kufunga umeme nyumbani kwako, mke wako awepo kabla ukuta haujatobolewa. Jenga jiko la tofali kama unaweza, soketi moja iende huko kabla ya kwenda kwenye televisheni, na kwenye fomu ya maombi liandikwe na jina lake.